Mjomba, lile jeneza halina mkuku

Assalaam aleikum Mjomba, na shikamoo.

Niliporusha ile picha ya boti ndefu nyembamba ya mferejini kwenye kundi la familia ulijibu maneno matano: "Hilo jeneza lina mkuku kweli?" Watu wakacheka, kisha mazungumzo yakahamia kwenye sare za harusi na swali lako likapotelea huko. Nalijibu hapa hadharani, maana kuna na jambo jingine la kukueleza, na ana kwa ana nisingethubutu.

Halina mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Chini ni bapa kama sinia, chuma kitupu, na maji yanayofika gotini karibu yanatosha kulielesha. Urefu wake mita 17, upana mita 2 na kidogo. Ukisimama ndani na kunyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Usidhani fundi alikosea vipimo. Mifereji mingi ya Uingereza ilichimbwa karne ya 18 kwa ajili ya mizigo, makaa ya mawe hasa, boti zikivutwa na farasi, na malango yake mengi ya maji yalijengwa kwa upana wa futi 7 tu. Lango lenyewe ni hodhi yenye milango miwili: unaingia, wanafunga nyuma yako, maji yanaongezwa au yanapunguzwa mpaka yalingane na upande wa pili. Chombo kikabidi kifuate mlango.

Siku hizi humo wanakaa watu, kama huyu rafiki yangu ambaye kodi ya nyumba London ilimshinda akanunua boti. Hana gati la kudumu, kwa hiyo haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Ana jiko la kuni, kitanda, rafu ya vitabu, na choo ambacho tangi lake hulibeba kwa mkono kwenda kulimwaga. Hapo najua umeshacheka.

Mferejini hakuna la kuogopa. Maji yamelala, mwendo ni wa mtu anayetoka msikitini bila haraka. Lakini alitaka kuhamia juu, ng'ambo ya Teddington, pale kujaa na kupwa kwa mto kunapokoma, na njia aliyoichagua ni Mto Thames wenyewe, katikati ya mji. Akaniomba nimsaidie kwa kuwa, alisema, mimi ni mtu wa pwani. Sikumkanusha. Aibu yangu inaanzia hapo.

Mto ule unajaa na kupwa, Mjomba. Nimeuvuka kwa basi miaka sita na sikuwahi kulitia maanani. Kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakipanda mita 4 tunasema yamepanda. Pale London Bridge yanafika hata mita 7. Yakipwa unaona ngazi za mawe, matope na minyororo yenye kutu. Saa sita baadaye vyote vimezama. Na mkondo wake boti kama ile haiwezi kushindana nao. Unakwenda nao au unabaki. Rafiki yangu alikuwa na jedwali la maji, amelipiga mistari kwa kalamu nyekundu: tutoke Limehouse, mashariki ya mji, mfereji unapoingia mtoni, saa tatu asubuhi maji yakijaa, yatubebe zaidi ya kilomita 30 mpaka Teddington, tufike yanapokaribia kusimama. Bamvua ilikuwa bado siku kadhaa. Akaniuliza kama hesabu imekaa sawa. Nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi.

Tulitoka boti tatu pamoja. Nanga ilikaa omo, yaani mbele ya boti, mnyororo wake umepangwa tayari, maana injini ikizima pale katikati utachukuliwa mpaka kwenye nguzo ya daraja. Chujio la dizeli alilibadilisha jana yake. Sababu yake niliipenda: mferejini tangi halitikisiki, uchafu unalala chini miaka, halafu siku ya mawimbi unaamka wote kwa pamoja na kuziba njia ya mafuta. Redio ya baharini nayo ilikuwa wazi. Chombo kinachozidi mita 13.7 hakiruhusiwi kupita bila hiyo.

Lango la Limehouse lilipofunguka, mto ulitushika ubavuni kabla hata tezi, sehemu ya nyuma, haijatoka. Tukapinda kulia. Mpaka Tower Bridge mambo yalikuwa mazuri, watalii wakitupungia mikono kutoka juu. Kisha ikapita boti ya abiria, zile zenye matumbo mawili, na wimbi lake likatupiga ubavu. Jeneza lako likalala upande huu, likalala upande ule. Ndani nikasikia kabati linafunguka na vikombe vinashuka kimoja kimoja. Nikaona la pili linakuja, nikapiga kelele, "Lipe omo! Lipe omo!" Kiswahili kitupu, na mwenzangu ni Mskoti. Lakini nilikuwa nanyoosha mkono, akasukuma kana, mkono wa usukani, omo ikageuka kulielekea wimbi, tukapanda, tukashuka, maji yakamwagika kidogo mbele na kukauka. Ni kauli yako ile. Sikujua kwamba bado ninayo.

Madaraja yana lugha yake. Tao lililo wazi huwekewa taa mbili za rangi ya machungwa. Ukiona duara tatu nyekundu zimepangwa pembetatu, hapo hapapitwi. Na wakati mafundi wanafanya kazi chini ya tao, kimo kikapungua, kanuni ya zamani inataka litundikwe fungu la majani makavu. Si mzaha: mwaka 2023 daraja la miguu la Millennium lilining'inizwa fungu hilo, katikati ya mji wenye benki zote zile. Mbele ya Bunge unatakiwa ukae mita 70 mbali na ukuta wao. Tulikaa, ingawa sidhani kama Bunge lingetishika na mtu anayeendesha huku amebeba kikombe pekee kilichosalia.

Tulipopita Chelsea akanipa kana. Sasa ndiyo habari yenyewe.

Unakumbuka uliponichukua kwa ngalawa nikiwa na miaka kumi na nne? Ulinikalisha nyuma, ukaniambia niache kuangalia omo. Chagua vitu viwili nchi kavu, kimoja mbele ya kingine, mnazi na mnara, uvishike viwe kimoja. Vikiachana, mkondo umeshakula chombo. Kisha ukaanza kueleza vikiachana namna gani ufanye nini, na mimi nikawa natazama ufukweni wenzangu wakicheza mpira. Ukanyamaza. Hukunifokea, ukageuza ngalawa tukarudi.

Basi mbele ya daraja la Wandsworth nilikuwa nimekodolea omo. Omo ilielekea katikati ya tao, sawasawa kabisa, na bado nguzo ilikuwa inasogea kwetu. Maji yalikuwa yanaigonga na kuvimba upande wake mmoja, upande wa pili yanachimba shimo. Nikainua macho, nikashika taa ya tao na mti mmoja mrefu nyuma yake. Vilikuwa vimeachana, mti umekwenda kulia. Na nusu ya pili ya somo sikuwa nayo! Mti ukienda kulia, mimi nimechukuliwa wapi? Nikasukuma kana kwa kubahatisha, na kumbuka boti ile haigeuki papo hapo, unasubiri kwanza. Tulipita. Kati yetu na nguzo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kulala.

Rafiki yangu aliniambia, "Wewe kweli mtu wa bahari." Nikanyamaza.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Juu ya Putney wapiga makasia wamejaa kama dagaa, vyombo vyembamba vya watu wanane, na wanapokwenda kinyume na mkondo wanajibanza kingoni kama watu wa mitumbwi wote duniani. Richmond kuna milango ya chuma ya mwaka 1894 ya kuzuia mto usikauke maji yanapopwa. Ilikuwa imenyanyuliwa, tukapita chini yake. Saa saba mchana tukaingia lango la Teddington. Ng'ambo yake maji hayajui tena mwezi.

Nimeshachora kwenye karatasi, taa, mti na boti, na jibu nimelipata. Lakini karatasi haina upepo. Shangazi anasema sauti zako za WhatsApp siku hizi ni fupi, "nipo, alhamdulillahi" basi. Nitumie moja ndefu, Mjomba. Anzia pale uliponyamaza: mnazi umeachana na mnara, umekwenda kulia, na upepo ni wa kusi.