Dari la Mama, Buruburu

Umoja, Nairobi

Kwako ndugu Musyoka,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, na mama yako hana neno ila kulalamikia vumbi, maana dari la zamani la sebuleni tumeshalibomoa.

Nilipanda ngazi mwenyewe kuziangalia mbao za kubebea dari kabla bodi za jipsamu hazijapigwa. Ndugu yangu, hazilingani hata kidogo. Fundi alichukua mpira wa maji, ule wa kupimia usawa, akapiga alama kuta zote, kisha tukapima kutoka kwenye alama hadi chini ya kila mbao. Ya katikati imeshuka sentimita 3 kuliko za ukutani, na ile ya dirishani imejipinda.

Fundi wa kwanza alitaka kupiga bodi hivyo hivyo, mawimbi ayafiche na fila, ile lipu laini ya kuzibia. Nilimkatalia. Fila ni ya maungio na vichwa vya skrubu. Ukiipaka nene ili kunyoosha dari, inapasuka. Isitoshe, jua la jioni huingia sebule yenu kwa ubavu, na mwanga wa namna hiyo huanika kila bonde. Kuzichonga mbao nako sikutaka kusikia, kwa kuwa ni sehemu ya kenchi, yaani fremu ya mbao ya paa, na zinashikilia paa la vigae.

Huyu wa sasa tumeelewana. Kila mbao ya zamani itafungiwa ubavuni mbao mpya ya inchi 2x2 iliyonyooka, kwa skrubu, ukingo wa chini ukifuata uzi. Uzi unavutwa usawa wa pale palipo chini kabisa, kwa hiyo dari litashuka kidogo, na sidhani kuna mgeni atakayeliona hilo. Vibao vya kujazia vinatosha penye pengo la milimita chache. Ukivipanga vitatu, bodi itachezacheza. Nimemsisitizia mbao zote mpya zikae upande uleule, ili nafasi ya sentimita 60 kati ya mbao na mbao isivurugike. Bodi ni 120 kwa 240, hivyo ncha zitaangukia juu ya mbao. Ila tununue ya unene wa milimita 12. Ya 9 ni nafuu, lakini kwa nafasi hiyo italegea.

Mbao nitazifuata Gikomba mwenyewe. Saiprasi nyingi inauzwa mbichi: unaipiga ikiwa imenyooka, ikikauka inajikunja na kazi yote inaharibika. Nitachungulia kila moja toka ncha hadi ncha, muuzaji anune akitaka.

Kuna kigae kimevunjika juu ya mlango. Kibadilishwe kwanza, jipsamu na maji haviwezani. Fundi wa stima naye apitishe nyaya zake kabla hatujafunga.

Basi tuma pesa za mbao, skrubu na kigae. Za bodi zisubiri hadi uzi uguse mbao zote; sitaki bodi zilale sakafuni, watoto wazifanye kitanda.

Wako,
Barasa