Sinema ya wanawake nayo iandikwe

Mhariri,

Kila zinapotajwa sinema za zamani za Unguja, tunasimuliwa majengo. Royal ya Vuga iliyochorwa na Sinclair, Mwingereza aliyechora pia Mahakama Kuu hapo jirani. Ikaungua, na miaka ya 1950 ikajengwa Majestic pale pale. Kisha hutajwa Empire na Sultana, basi. Wanaosahauliwa ni waliokalia viti vile, na wa kwanza kusahauliwa ni wanawake.

Kulikuwa na maonesho ya wanawake watupu, mwanamme haingii. Mama yangu alikuwa hatoki ovyo. Sokoni akenda baba, yeye safari zake zilikuwa harusini na misibani. Lakini siku ya sinema chakula kilipikwa mapema, wakapitiana mlango kwa mlango na mabuibui yao, sisi watoto tumeshikwa mikono tusipotee. Wakishaingia mabuibui yalishushwa, ukumbi ukanukia asumini na udi. Picha ya Kihindi ikianza, mabibi wa Kihindi waliokaa karibu walitutafsiria palipokuwa pagumu. Nargis, mwigizaji wa Kihindi, akilia, walilia naye. Mbaya wa picha akitokea, alitukanwa kwa sauti ambayo nyumbani hatukuwahi kuisikia!

Na haikuishia mlangoni. Usiku mama alimhadithia bibi, ambaye miguu ilishamkataa, picha nzima tangu mwanzo, na penye wimbo aliuimba. Kesho yake fundi cherehani aliletewa kitambaa na kuelezwa gauni ambalo hajaliona. Nyimbo zenyewe ziliingia kwenye taarab, sauti ya Bombay, maneno yetu.

Wapo watakaosema ule ulikuwa upuuzi tu. Nawakatalia. Palikuwa mahali pa pekee ambapo mama zetu walikaa pamoja nje ya majumba yao, bila ya kuwepo bwana harusi wala maiti. Televisheni ya Zanzibar, TVZ, ilipokuja miaka ya 1970, na kanda za video baadaye, picha zilitufuata nyumbani, na mkusanyiko ule ukafa.

Jumba la kale la Beit al Ajaib lilipoanguka sehemu yake Desemba 2020 tulihuzunika sote, lakini picha na michoro yake zipo. Kumbukumbu za wanawake hawa hazimo kwenye karatasi yoyote, zimo vichwani mwao, na kila mwaka tunawazika.

Ombi langu ni kwa Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, na kwa wenzetu wa tamasha la filamu la ZIFF ambao tangu 1998 wanatuletea filamu Ngome Kongwe: watumeni vijana, wasichana hasa, wakawarekodi. Waulize walikaa na nani, walivaa nini, nani aliwapa ruhusa na nani aliwanyima. Waanzie Mkunazini, Malindi na Vikokotoni, wavuke na Ng'ambo. Wende baada ya alasiri, wazee wakishapumzika, na wasiwe na haraka, maana bibi akianza kuhadithia picha hataikata katikati.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mkunazini, Unguja