Anayetaka kuiga Poland aanze na fomu

Mhariri,

Wapo wanaotaka asasi za kiraia ziache kutegemea wafadhili wa nje, na mfano wanaoupenda ni wa Poland, ambako mlipakodi huchagua asasi ya kupewa sehemu ya kodi yake. Mfano ni mzuri, ila husimuliwa nusu.

Wazo lilianzia Hungary kwa sheria ya 1996, miaka michache tu baada ya utawala wa chama kimoja kuanguka. Slovakia, Lithuania na Romania nazo zikalichukua. Poland ilipitisha sheria yake 2003 kwa asilimia 1. Tangu kodi ya mwaka 2022 ni asilimia 1.5. Si mchango, maana mtu hatoi hata senti ya ziada. Kodi yake ikiwa zloti 2,000, zloti 30 huenda kwa asasi. Asipochagua, zinabaki hazina.

Mwanzoni mlipakodi alituma fedha hizo mwenyewe kwanza, ndipo azikate kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Wengi hawakujisumbua. Kuanzia ritani zilizowasilishwa 2008 ofisi ya kodi ilianza kutuma yenyewe, na idadi ya waliochagua ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mwaka mmoja. Siku hizi ni kujaza namba ya usajili ya asasi, tarakimu 10, kabla Aprili haijaisha.

Kasoro iko kwenye kisanduku kinachofuata, cha lengo mahususi. Hapo wengi huandika jina la mtoto mgonjwa. Mzazi hufungua akaunti ndogo ndani ya taasisi kubwa ya hisani, huchapisha vipeperushi vyenye namba ya taasisi na jina la mwanawe, kisha huwagawia ndugu na wafanyakazi wenzake. Fedha zikiingia, taasisi hulipa ankara za dawa na mazoezi ya viungo. Mzazi hana kosa. Lakini kodi iliyokusudiwa kukuza asasi imegeuka kiraka cha huduma za afya za serikali, na kiraka chenyewe kina upendeleo: mtoto wa meneja mwenye jamaa wengi hupata kuliko wa mfagiaji. Asasi inayofuatilia zabuni za manispaa itaweka picha ya nani kwenye kipeperushi?

Halafu kuna mazoea. Zipo programu za bure za kujazia ritani zilizokuja na namba ya asasi fulani imeshajazwa, na tangu 2019 mfumo wa serikali mtandaoni huirudisha namba ya mwaka uliopita. Ajabu kwa nchi ambayo mwaka 1981 Solidarność, chama huru cha wafanyakazi, ilikuwa na wanachama karibu milioni 10: leo mtu anaweza kuifadhili asasi miaka mitano bila kujua ofisi yake iko mji gani.

Slovakia walifikiri vizuri zaidi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 2, lakini aliyejitolea angalau saa 40 kwa mwaka, akapewa hati na asasi aliyoitumikia, anaruhusiwa kuelekeza asilimia 3.

Kwetu Tanzania mwajiriwa asiye na kipato kingine hukatwa PAYE, kodi ya mshahara, na mwajiri, hajazi ritani, kwa hiyo hana mahali pa kuandika chaguo lake. Wastaafu wa Poland walikuwa na shida hiyo hiyo, wakatengenezewa fomu yao fupi, PIT-OP. Tungeanzia hapo. Kenya wako karibu zaidi, kwa kuwa waajiriwa nao huwasilisha ritani kufikia Juni 30. Wangeongeza kisanduku cha kwanza tu, kile cha pili wakiache hukohuko.

Msomaji wenu,
Morogoro