Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati tendaji ijaribu jambo ambalo baadhi yenu mlilitilia shaka: tuachane na vikao vya fani fani, wanafizikia kivyao na wanasheria kivyao, na kila mada isomwe mbele ya wote. Agizo limetekelezwa. Nitaeleza tulichovuna, kisha nitaweka ombi moja mezani, na kwangu mimi ombi hilo ndilo zito kuliko mengine yote yaliyomo humu.

Kikao cha kwanza tulikitumia kumjadili Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyaingiza kwenye jokofu yangali ya moto, yakiganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Aliuliza darasani, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100 yakiwekwa pamoja kwenye jokofu, kwa nini haya ya 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha andiko lao katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa ameshajiunga na chuo cha wanyamapori cha Mweka.

Habari hiyo wengi wenu mlikuwa nayo. Kilichowashtua ni yaliyofuata. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kule Uingereza, wasipate ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita 1 tu juu au chini kunatosha kukupa jibu la Mpemba au kukunyima. Mwalimu wetu wa fizikia alituletea bilauri moja na vipimajoto viwili, kimoja karibu na kitako na kingine karibu na uso wa maji, akatuita tusome wenyewe kwa zamu. Namba hazikulingana. Nimehudhuria mihadhara mingi juu ya umakini wa vipimo, na hakuna uliowakaa watu kichwani kama bilauri ile.

Hapo ndipo wanahisabati waliposimama, na hapo ndipo nilipoamini kwamba vikao vya pamoja vina faida. Kumbe mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walikuwa wamelitoa swali kwenye maji na kulipeleka kwenye milinganyo. Mfumo wowote unapopoa huwa na hatua moja ya taratibu kuliko zote, nayo ndiyo inayouchelewesha. Ukianza na joto fulani la juu, hatua hiyo inaweza kuwa ndogo mno au isiwepo kabisa, na mfumo ukamaliza kupoa mapema kuliko ule ulioanza na joto la chini zaidi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada wakalionyesha jambo hilo kwa chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji. Kwa hiyo juu ya maji ya jokofuni ubishi ungalipo, ila swali la kijana wa sekondari limezaa tawi la utafiti lenye jina lake. Naliona hili kuwa heshima kubwa kwa nchi yetu, na napenda kila mwanafunzi wa Tanzania alijue.

Mada ya pili ilikuwa vyura wa Kihansi. Korongo la Kihansi liko kwenye miteremko ya Udzungwa. Maporomoko yake yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku juu ya kipande cha ardhi cha hekta 2 hivi, na humo tu, duniani kote, ndimo alimoishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unaendelea. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani mwaka 2000 kutunzwa kwenye bustani za wanyama, na korongoni ikawekwa mitambo ya kunyunyizia maji. Idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia ukabainika pale. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa.

Mjadala ulichukua jioni nzima. Mtu wa fizikia alitaka kujua ukubwa wa matone ya manyunyu, daktari akauliza kuvu lilifikaje, mwanasheria akasoma masharti ya kibali cha maji kinachomtaka mwenye bwawa aachie kiasi fulani kishuke korongoni. Taifa lilihitaji umeme, na ninaamini lilikuwa na haki ya kuupata. Ila tathmini ya mazingira iliyomaliza kazi yake bila kumwona kiumbe aliyekuwa pale pale haikuwa tathmini kamili, na nimeridhika kwamba wanachama walilisema hilo bila kumung'unya maneno.

Juu ya afya tulisoma utafiti wa vyandarua uliofanyika Misungwi, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022. Vyandarua vilivyoongezewa dawa ya klofenapiri vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vya dawa ya kawaida, ambayo mbu wengi wameshaizoea. Mtakwimu wetu alieleza kwa nini washiriki walipangwa kwa makundi ya kaya na si mtu mmoja mmoja: chandarua kinachoua mbu kinamkinga hata jirani asiye nacho, hivyo ukiwachanganya nyumba kwa nyumba hutajua nani kamkinga nani. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo.

Sasa nije kwenye ombi.

Katika kikao cha sheria tulipitia njia ya vibali, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa tafiti za afya na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa tafiti kwa ujumla, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Mwanachama wetu mmoja, daktari wa mifugo, aliomba nafasi. Alisema katika eneo lake timu moja ya watafiti ilitoa damu ya ng'ombe na ya watoto, ikaondoka, na haikurudi. Kuna mama mfugaji humwuliza kila akipita: "Daktari, ile damu ilisema nini?" Hana la kumjibu. Karatasi za ridhaa zilisainiwa na vibali vilikuwepo.

Kamati inapendekeza kwamba mwanachama yeyote mwenye utafiti uliotokana na watu au mifugo ya kijiji aandae muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, na chama kigharimie nauli ya kwenda kuusoma kwenye mkutano wa kijiji. Wapo waliohofu kwamba baadhi ya majarida hukataa matokeo yaliyokwisha kutangazwa. Hoja hiyo ni ya kweli, ndiyo maana tumeweka kwamba muhtasari utasomwa baada ya andiko kuchapishwa. Majibu ya vipimo vya mtu mwenyewe hayana sababu ya kusubiri jarida. Naomba mlipitishe.

Mengine kwa ufupi. Mahudhurio ya wanasheria yameongezeka, ya wanahisabati yamepungua tangu vikao vihamie jioni za siku za kazi, na kamati inapendekeza turudi Jumamosi. Taarifa ya hesabu ataisoma mhazini. Namshukuru katibu anayemaliza muda wake. Mihtasari yake ilinisaidia sana kuandika taarifa hii. Wanaotaka kugombea nafasi hiyo wachukue fomu kwa mhazini kabla ya mapumziko ya chai, kwa kuwa kura zitapigwa mara baada ya ajenda ya hesabu.