Rehema, usiitumie ile vocha

Rehema shoga yangu,

Za masiku? Najua kimya kimekuwa kirefu mno na salamu zingetaka nafasi yake, lakini sisi wazima, kazi zinakwenda, mama anakusalimu sana na kila akiniona lazima aulize mbona Rehema kapotea. Mengine tutaongea kwenye simu. Leo nakuandikia mbio mbio kwa jambo moja tu. Zuhura kaniambia walikuacha London, eti ndege imejaa, ukalala huko ukaondoka kesho yake, wakakupa vocha ya pauni 200 na sasa hivi unatafuta tarehe ya kuitumia. Rehema nakuomba sana, usiitumie. Usibonyeze kitu, usijaze kitu, iache hapo hapo kwenye imeili mpaka umalize kusoma hii.

Ningekupigia ila simu yako haipatikani, halafu mambo yenyewe yana namba nyingi, bora uwe nayo kwa maandishi uyasome taratibu.

Zuhura anasema ulimwambia "angalau wamenipa kitu". Hayo maneno yameniuma, kwa sababu wewe ndo unayewadai. Umekata tiketi, umelipa hela yote, umefika mapema, viza unayo, paspoti iko sawa, halafu mtu anakwambia kiti chako kimekwenda kwa mwingine. Ni kama mwenye nyumba apangishe chumba kimoja kwa watu wawili halafu yule wa pili akifika ampe hela ya chai amwambie shukuru. Na sheria wala haiwaiti wanaofanya hivyo wahalifu, kuuza tiketi kuzidi viti kunaruhusiwa, wanajua kila safari kuna watu hawatokei, kwa hiyo wanapiga hesabu zao wanauza za ziada ili ndege isiruke na viti vitupu. Sawa. Lakini siku hesabu ikiwagomea, anayetakiwa kubeba hasara ni wao, na kiwango kimeandikwa, hawakupangii tu wanavyojisikia pale kaunta.

Sasa sikiliza. Ulaya kuna kanuni namba 261 ya mwaka 2004, ilianza kutumika Februari 2005. Waingereza walivyotoka Umoja wa Ulaya hiyo hawakuitupa, waliibakiza kwenye sheria zao wakabadilisha tu euro ikawa pauni. Abiria aliyekataliwa kupanda kwa lazima, safari fupi isiyozidi kilomita 1,500 ni pauni 220, ya katikati mpaka 3,500 ni pauni 350, na inayozidi hapo ni pauni 520. Yako inazidi hapo mbali sana. Wangeweza kuikata nusu kama wangekupa ndege nyingine ikakufikisha bila kuchelewa zaidi ya saa 4, ila wewe ulifika kesho yake, kwa hiyo nusu haipo. Ni 520 kamili. Tena ni hela, si vocha. Vocha wanaweza kukupa tu kama umekubali mwenyewe kwa kusaini.

Na hapo ndo najua utaniambia "lakini Mwanahawa mimi nilisaini". Zuhura kanieleza. Nimekaa nikakisoma kile kipengele mara nyingi kwa ajili yako. Kifungu cha 15 cha hiyo kanuni kinasema haki hizi shirika haliwezi kuzipunguza wala kuzifuta kwa masharti yake, na kama abiria hakuelezwa haki zake sawasawa na kwa sababu hiyo akapokea fidia ndogo kuliko anayostahili, bado anaruhusiwa kwenda kudai kilichobaki. Umeona? Na kifungu cha 14 kinawalazimisha wao kumpa kila aliyekataliwa kupanda karatasi yenye haki zake. Ulipewa hiyo karatasi? Kama hukupewa, basi hiyo saini yako isikutishe. Ila ukishaitumia hiyo vocha watakuwa na la kusema, watasema mama karidhika, kasafiri nayo, tatizo liko wapi. Ndo maana nakwambia usiiguse.

Shemeji Kibwana naye naambiwa kakukatisha tamaa, eti shirika si la Kiingereza wala la Ulaya kwa hiyo haliguswi. Msalimie sana Kibwana, mwambie nampenda lakini hapo kapotea. Kinachoangaliwa kwanza ni ulipoondokea. Ukiondoka uwanja wa Uingereza, shirika liwe la nchi yoyote duniani, sheria inalibana. Ukiondoka uwanja wa Ulaya vile vile. Ukiwa unakwenda huko ndo wanaanza kuuliza shirika la nani. Kwa hiyo ungekuwa umeachwa safari ya kwenda London na shirika hilo hilo, Kibwana angekuwa na pointi. Ya kutoka, hana.

Haya nayajua kwa sababu na mimi yalinikuta, sijui kama nilikuhadithia yote. Ilikuwa Paris. Nilivyofanya cheki-ini kwenye simu haikunipa namba ya kiti, bodingi pasi imeandikwa nitapewa getini, mimi nikaona kawaida. Kufika getini tukaambiwa subirini pembeni, watu wanapanda, sisi tunatazama, mlango ukafungwa. Hakuna aliyetuuliza kama kuna mtu yuko tayari kubaki. Na sheria inawataka waanze na hilo, watangaze nani anajitolea kwa makubaliano ya faida fulani, wakikosa watu wa kutosha ndo wamkatalie mtu kwa lazima. Hapo hapo kaunta wakatugawia karatasi za vocha, saini hapa, saini hapa, haraka haraka, hoteli inasubiri. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja kasafiri peke yake, lugha ile haijui hata kidogo, kasaini kabla sijamfikia. Nilimwuliza anajua alichosaini, akasema ni ya hoteli. Rehema nilitetemeka kwa hasira. Hoteli ilikuwa haki yake bila kusaini chochote! Chakula, hoteli, usafiri wa kwenda na kurudi hotelini, hata kupiga simu mbili ama kutuma imeili bure, vyote hivyo ni juu yao na wala havikatwi kwenye fidia. Nilimwombea kule kaunta karatasi yake irudishwe, wakakataa. Sikumwona tena kesho yake.

Mimi sikusaini. Nikaomba waniandikie kwamba nimekataliwa kupanda bila hiari yangu na sababu ni nini, yule dada wa kaunta hakutaka, nikakaa pale pale, mwishowe akaandika. Hiyo karatasi ndo iliyoniokoa. Maana nilivyodai walinipiga danadana hujawahi kuona, kwanza kimya, halafu jibu, halafu jingine linalofanana nalo neno kwa neno, halafu wakaja na "sababu za kiutendaji". Nikawajibu kwamba mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishalimaliza hilo 2012, kwenye kesi ya Finnair, ilisema kukataliwa kupanda si mambo ya ndege kujaa tu, hata shirika likipanga upya safari zake kwa sababu zake likamwacha mtu, ni kumkatalia kupanda na fidia iko pale pale. Wakaleta vocha kubwa kuliko ya kwanza. Nikakataa. Nikawaambia nataka euro 600 zangu, maana kwa upande wa Ulaya safari ndefu ni hizo, na msipolipa naipeleka mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi niliyoondokea. Ilichukua muda, nilichoka, kuna siku nilitaka kuacha, lakini zilikuja kwenye akaunti. Zote.

Sikusimulii ili unisifu, nataka ujue kwamba inawezekana, na kwamba jibu lao la kwanza la hapana halina uzito wowote, watu wengi wanalipata. Wanategemea uchoke. Na ukiangalia wanaoachwa getini ni wakina nani, mara nyingi ni wenye tiketi za bei nafuu, waliochelewa kucheki-ini, wasio na ile kadi ya wasafiri wa kila mara, watu wanaosafiri peke yao. Yaani ndo hao hao ambao pauni 520 zingewafaa kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya ile ndege. Hilo ndo linaloniudhi mpaka leo.

Wala usidhani ni sisi tu. Ralph Nader, yule mtetezi wa walaji wa Marekani, aliachwa na ndege 1972 akaenda mahakamani, kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi 1976. Na unamkumbuka yule daktari aliyeburutwa ndani ya ndege Chicago 2017, video ilizunguka dunia nzima, damu mdomoni, kosa lake kakataa kuachia kiti alichokilipia. Huko Marekani sasa hivi ukiachwa kwa lazima na kuchelewa kwako kwenye safari ya nje kukazidi saa 4 wanakulipa mara 4 ya nauli ya kwenda, mwisho dola 2,150, na una haki ya kudai hela badala ya vocha. Kanada ukichelewa saa 9 au zaidi ni dola zao 2,400. Mwambie na Farida, maana naye anapita huko mwezi ujao, asije akachukua vocha ya bure bure.

Turudi kwako. Kitu kikubwa kinachoweza kukuharibia ni kama ulijitolea. Namaanisha wametangaza nani yuko tayari kubaki, ukanyoosha mkono, mkakubaliana vocha. Hapo ni makubaliano na fidia ya lazima haipo, nisikudanganye. Ndo maana nataka kuiona hiyo karatasi kwa macho yangu. Kuna mahali kwenye zile karatasi huwa wameshaandika kabisa kwamba abiria amejitolea, na mtu kachoka, saa tano usiku, anasaini. Hata kama yako imeandikwa hivyo usikate tamaa, lakini itabidi tueleze ilivyokuwa, na itabidi ukumbuke vizuri, nani alisema nini, na kama kuna mtu mwingine mliachwa naye mkapeana namba. Pia kama ulicheki-ini nje ya muda watalishikia bango hilo, ila Zuhura anasema ulifika masaa matatu kabla, kwa hiyo sina wasiwasi.

Risiti za teksi na chakula ulichojilipia usizitupe, hizo unadai pembeni. Bodingi pasi zote mbili, ya zamani na mpya, zipige picha. Imeili ya buking usiifute. Kuna makampuni yanajitangaza kukudaia halafu yanachukua kipande chake kikubwa, usiwape bado, tuandike wenyewe kwanza. Tukiwaandikia wakakaa wiki 8 bila jibu la maana tunaipeleka kwa msuluhishi kama shirika limejiunga na mmojawapo, kama halijajiunga tunaipeleka kwa mamlaka yao ya anga, na mahakama ndogo za madai bado zipo. Muda upo wa kutosha, England wanakupa miaka 6, lakini tusilaze damu, kumbukumbu zinapotea na karatasi zinapotea zaidi.

Barua ya madai nitaiandika mimi, nina ile yangu, naibadilisha tu. Wewe utaisoma, utasaini, utatuma kwa imeili yako, maana fidia ni ya abiria mwenyewe, hata kama tiketi alilipa mtu mwingine. Kwa hiyo kama ofisi yako ndo ilinunua, zile 520 bado ni zako. Kama ulikuwa na wasiwasi huo uondoe.

Naomba unijibu haya leo hii, hata kwa voisi. Walitangaza kuomba wanaojitolea au walikuita jina moja kwa moja? Hiyo karatasi uliyosaini inasemaje juu kabisa, na una nakala? Walikupa karatasi yoyote ya haki za abiria? Sababu walisema ni ipi, ndege kujaa au walibadilisha ndege? Tiketi ilikuwa buking moja mpaka mwisho wa safari au ulikata vipande viwili? Maana kama ni moja umbali unahesabiwa mpaka ulikoshukia mwisho. Ulifika saa ngapi hasa, mlango wa ndege ulipofunguliwa? Walikupa hoteli yoyote, au usiku mzima ulikuwa uwanjani? Na ile vocha, Rehema, hujaigusa kweli? Au ndo ulishaweka tarehe? Kama umeweka, inaweza kufutwa? Niambie kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Halafu mgongo wako unaendeleaje, ulivyolala kwenye viti vya uwanja vile? Zuhura hakunieleza vizuri na nimebaki nawaza.

Nasubiri.

Mwanahawa