Baba mdogo alikufa vitani, mdogo wangu

Mdogo wangu, habari za huko? Nimelisoma lile faili la historia ya ukoo ulilotutumia, nimelisoma lote mpaka mwisho, na kazi uliyofanya ni kubwa, Mungu akubariki, sisi wengine tumekaa miaka yote tunasema tutaandika tutaandika na hatukuandika. Ila kuna mstari mmoja umenikaa kooni. Kwa baba mdogo umeandika alifariki 1979 Uganda kwa ajali ya gari, hakufia vitani. Nilipokupigia ukasema umeulizia watu na ndivyo ilivyo, lori lilipinduka, hakupigwa risasi. Kweli, hakupigwa risasi. Lakini hapo kwenye "hakufia vitani" nimeona nikujibu hadharani, manake najua si familia yetu peke yake, kuna nyumba nyingi nchi hii zina marehemu wa aina hii na ikifika Siku ya Mashujaa wanaona haya hata kumtaja eti kwa sababu hakufa na bunduki mkononi.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Baba mdogo alikuwa utingo wa malori pale Tabora, miaka 22, mrefu, mcheshi, mtu wa kupenda baiskeli yake kuliko chakula. Mafunzo ya mgambo alishapitia kama vijana wengi wa wakati ule. Sasa tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya nduli Iddi Amin wa Uganda yakaingia Kagera, wakashika eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe, na mwanzoni mwa Novemba wakalipua daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akahutubia taifa, mimi nilikuwa mtoto lakini nakumbuka watu wazima wamejaa uani kwa jirani mwenye redio na hakuna anayekohoa, akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Basi, vijana wakaanza kuitwa. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika elfu 50 likapanda ndani ya wiki chache likapita laki moja, mgambo, JKT, polisi, magereza, wote ndani. Baba mdogo akapanda treni ya Mwanza na wenzake, na kutoka Mwanza wakavushwa kwa meli mpaka Bukoba. Mtu wa Tabora huyo, ziwa hajawahi kuliona! Barua yake ya kwanza nusu nzima ni habari za yale maji, kwamba unatazama huoni ng'ambo, na kwamba alitapika usiku kucha lakini shangazi asimwambie mtu.

Alivuka mpaka na wenzake. Mutukula ilichukuliwa Januari, Masaka mwishoni mwa Februari. Halafu ikaja Lukaya, tarehe 10 Machi, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala. Brigedi ya 201 ya jeshi letu ilikuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kuonja vita, wakapigwa na maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wakatawanyika ovyo. Baba mdogo alikuwemo. Rafiki yake aliyerudi alikuja nyumbani akamsimulia bibi mbele yetu jinsi walivyolala kwenye maji ya kinamasi mpaka kifuani, baba mdogo ameweka bunduki kichwani isilowe, na kesho yake Brigedi ya 208 ilipozunguka ikampiga adui, wao nao wakakusanywa wakarudi mstarini. Huyo ndiye mtu unayeandika hakufia vitani, mdogo wangu?

Baada ya Lukaya, mkubwa wao mmoja akajua kwamba huyu kijana alikuwa utingo, anajua magari, wakamhamishia kwenye usafirishaji. Na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri. Askari wetu wengi vita ile waliitembea kwa miguu, lakini mabomu hayatembei, unga hautembei, majeruhi hawatembei. Serikali ilichukua malori na mabasi ya watu binafsi yakaenda mstari wa mbele, mengine yamechoka, breki za kubahatisha, na njia ya kutoka Kyaka kwenda juu ilikuwa tope tupu, masika ndiyo hayo yameanza. Rafiki yake alisema walikuwa wanaendesha usiku bila taa ili wasionekane, dereva hajalala, nyuma wamebeba risasi za brigedi nzima. Lori likaacha barabara likabiringika. Sasa niambie, lile lori lilikuwa linakwenda wapi? Sokoni?

Na hakuwa peke yake. Waandishi wa habari wawili waliofuatana na jeshi letu kule Uganda walikuja kuandika kwamba Tanzania ilipoteza askari 373, na kati yao waliouawa mapiganoni ni 96. Yaani waliobaki, zaidi ya 270, ni ajali na sababu nyingine. Ukichukua kipimo chako ukawapima wote, basi karibu robo tatu ya wafu wetu wa vita ile unawatoa kwenye vita. Mimi sikubali. Kampala iliingiwa Aprili kwa sababu kuna watu walipeleka risasi Machi.

Bibi aliletewa taarifa mdomoni, mtu alikuja, akasimama mlangoni, akasema, akaondoka. Mwili hakuuona. Alikaa miaka anauliza kila askari anayepita kama mwanawe aliteseka, na hakuna hata siku moja aliuliza kama ilikuwa risasi au lori.

Kwa hiyo naomba ubadilishe kabla hujapeleka kuchapa. Andika alifariki vitani, Uganda, 1979, na ukitaka weka na habari ya lori, siyo aibu, iweke. Kingine, shangazi bado anazo zile barua, ziko kwenye bahasha moja ya kaki chini ya nguo zake, karatasi ya daftari la hesabu, wino umeanza kufifia. Kwenye ya mwisho anaomba baiskeli yake isiuzwe, akirudi ataitia tairi mpya, na kuna mtu wa Kariakoo pale Tabora ana deni lake la shilingi 40, wamfuatilie. Nenda na simu yako uzipige picha zote, mbele na nyuma, shangazi macho yamekuwa mabaya lakini mambo yote anayakumbuka. Nenda wikiendi hii, nimeshamwambia unakuja.