Samatta hakuuza shamba: barua kwa mdogo wangu aliyeko Muscat

Mdogo wangu,

Picha uliyotuma kwenye kundi la familia nimeiona. Samatta na jezi ya Le Havre, klabu ya Ufaransa, na chini yake umeandika "Mnaona?", basi. Shangazi akaweka vile vikono vya kuomba dua, baba mdogo akaweka bendera ya taifa, wengine wakapita kimyakimya kama kawaida yetu jambo likinuka. Ujumbe ulikwenda kwa watu wote, lakini sote tulijua unamlenga nani. Nakujibu hapa kwa sababu namba yangu uliifungia tangu mwaka juzi, na kule kundini nikiandika hata mistari miwili mama ataletewa simu asomewe.

Naona, ndiyo. Mbwana Ally Samatta wa Mbagala amesaini Ligi Kuu ya Ufaransa, Agosti hii ya 2025, na nimefurahi kuliko unavyodhani. Siku ile dukani nilinunulia watu soda, mpaka jirani yangu wa duka la pili ambaye kwake mpira ni kazi ya wavivu. Ila wewe picha hiyo umeileta kama ushahidi dhidi yangu, kwamba nilikosea kukataa shamba lisiuzwe ili uende majaribio Ufaransa, na kama ni ushahidi, basi uko upande wangu.

Samatta ameingia Ufaransa akiwa na miaka 32. TP Mazembe, klabu ya Kongo, walimwona mwaka 2011 akiwa na jezi ya Simba, akicheza dhidi yao wenyewe, wakamtaka, wakatoa hela wao. Akaenda Lubumbashi, mji ambao mtoto wa Mbagala anaweza kununua vocha na kugombana na kondakta kwa Kiswahili chake hichohicho. Akakaa huko mpaka akabeba Klabu Bingwa Afrika ya 2015, na Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Hapo ndipo Genk ya Ubelgiji wakaja. Kisha Aston Villa, Uturuki, Ugiriki, na sasa Le Havre. Nionyeshe ni wapi hapo katikati mama yake alipouza shamba.

Wewe ulikuwa na miaka 17. Najua hupendi nianze na umri, lakini umri ndio ulionifanya niishike mara ya pili ile barua ya mwaliko uliyoletewa na wakala. Ulinipa simu uniangalizie, umeipiga picha juu ya kitanda, shuka la maua linaonekana pembeni. Nembo ya klabu imevutwa mpaka imekuwa pana kama sahani. Muhuri umepinda. Mwaliko wa majaribio ya wiki mbili "katika klabu ya Ligi Kuu", na anwani ya kujibia ni ya Gmail. Halafu klabu yenyewe, wewe uliyekuwa unajua hadi makocha wa akiba wa timu za huko, ilikuwa imeshashuka daraja. Nikakwambia. Ukasema itakuwa barua iliandikwa kabla haijashuka.

Yule wakala wako alitaka milioni nane. Tatu za viza na tiketi, tano za "kununua nafasi ya mchezaji wa kigeni", maana eti Ufaransa nafasi za wageni zimejaa. Siku ile sikuwa na jibu la kitaalamu, nilikuwa na wasiwasi tu. Baadaye nikauliza kwa watu wanaojua, maana nilitaka nikija kukujibu nikujibu sawasawa. Ni kweli klabu ya ligi kuu ya kule inaruhusiwa wachezaji 4 tu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Lakini wakati ule raia wa nchi zilizokuwa kwenye mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, ule wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, walikuwa hawahesabiwi humo. Tanzania ilikuwamo. Ndiyo maana uliona timu ya Ufaransa ina Wasenegali, Wamali na watu wa Ivory Coast hadi inapendeza, na hakuna sheria iliyovunjwa. Waliokuwa wakigombania hizo nafasi 4 ni watu kama Wabrazili na Waargentina. Wewe ulikuwa unauziwa mlango ambao kwako ulikuwa wazi.

Na huo umri. FIFA hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wamehama kwa shughuli zao zisizo za mpira. Wakala akasema hilo dogo, hati atakutengenezea ya miaka 19. Katika maisha yangu yote ya kushabikia mpira wa nchi hii, ile ndiyo mara ya kwanza kusikia mchezaji anaongezwa umri.

Sasa nije kwenye kikao, maana tumekwepa vya kutosha.

Januari 2019, sebuleni kwa mama. Baba mdogo kwenye kiti cha marehemu baba, mama mkekani, mimi nimesimama mlangoni kwa sababu viti vilikwisha. Ulizungumza vizuri, nakupa haki yako. Ulisimulia habari ya Salif Keita wa Mali, alivyoshuka Paris mwaka 1967 asikute mtu wa kumpokea, akakodi teksi mpaka Saint-Étienne, kilomita 500 hivi. Baba mdogo alicheka mpaka akavua miwani. Ukanigeukia ukasema: "Huyo angekuwa na kaka kama huyu wangu, angerudishwa Bamako na teksi hiyohiyo."

Watu wakacheka tena. Nami nilicheka kidogo, ili nisionekane.

Sikukujibu pale, jibu ni hili. Ile teksi ililipwa na klabu. Dereva alipofika alikuta watu wa kumlipa, kwa sababu kijana aliyembeba walikuwa wanamsubiri. Wakamweka uwanjani, akawafungia mabao, na mwaka 1970 akawa wa kwanza kupewa Mpira wa Dhahabu wa Afrika. Wewe ungefika na teksi yako, nani angetoka nje na pochi?

Nikasema shamba la Mkuranga haliuzwi. Nilisema kwa sauti ya kawaida, na baba mdogo ni shahidi ingawa siku hizi anakumbuka anavyotaka. Ndipo ukaingia chumbani ukatoka na mfuko wa rambo, ukatoa zile njumu nyeusi nilizokununulia Karume, matope ya mechi ya Jumamosi bado yamegandia kwenye meno. Ukaziweka miguuni pangu, moja moja, taratibu, kama mtu anayepanga bidhaa. "Chukua. Kalindie shamba."

Mama akainuka, akasema anakwenda kuepua sufuria. Hakukuwa na sufuria. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi, chakula kililetwa na shangazi kwenye hotpoti. Alikaa huko jikoni mpaka watu wakaondoka.

Matusi ya kwangu nimeyameza, mimi kaka, kaka hutukanwa. Lakini mama kuzuga sufuria ndani ya nyumba yake mwenyewe, hilo hujawahi kuliombea radhi, na sijui kama ulishawahi hata kuliona. Njumu zenyewe nilimpa kijana wa jirani wiki ileile. Usije ukaziulizia.

Utasema, kama ulivyomwambia dada, kwamba yule mwenzako wa mtaa wa pili wazazi wake walilipa. Walilipa, kweli. Akafika Istanbul, akalala chumba kimoja na vijana wengine wanaosubiri Ufaransa hiyohiyo, akarudi amekonda, na sasa anaendesha bajaji. Na wewe ukasema, "Angalau yeye alipanda ndege." Mdogo wangu, ndege hata wewe ulipanda. Umepanda ya Muscat, kwa mkataba wa ghala, nauli ukatafuta mwenyewe, na sikusikia mtu anakuzuia.

Hakuna aliyesema Ufaransa haifikiki. Dennis Oliech alifika, mtoto wa Nairobi, akacheza Nantes, Auxerre na Ajaccio, na mwaka 2010 Auxerre yake ilikuwa kundi moja na Real Madrid, Milan na Ajax Ligi ya Mabingwa. Lakini alitoka Mathare United akapitia Qatar, na alishawafunga watu kwa jezi ya Kenya kabla Nantes hawajamwita 2005. Saido Ntibazonkiza, yule Mrundi uliyekuwa unampigia makofi Yanga mpaka alipokuja kuvaa jezi ya Simba ukamwita mzee, alicheza Caen. Kabla ya Caen kuna Uholanzi, Poland na Uturuki. Sadio Mané alifika Metz 2011 kwa sababu Metz wana ubia na kituo cha Génération Foot cha Dakar. Wao walikwenda kumtazama nyumbani kwao. Na Metz yenyewe ilikuwa daraja la pili, hakuna aliyemdanganya kwamba anakwenda juu.

Angalia na hela inavyotembea. Klabu ikimnunua mchezaji kutoka nchi nyingine, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu ana miaka 12 mpaka 23. Wakala naye anakula kwenye mkataba ukishasainiwa. Yaani hela inatoka kule inakuja huku. Ukiona inatoka Mkuranga kwenda Paris, huo si usajili.

Sasa nifike kwenye lile unalowaambia watu huko Muscat, maana limenifikia: kwamba shamba nililokataa kuuza kwa ajili yako niliuza mwenyewe. Liliuzwa, ndiyo. 2022, mama alipovunjika nyonga na kila siku ikawa ni hesabu. Wewe ulituma ulichotuma, na nilikushukuru kwa maandishi kabla hujanifungia. Hakikutosha. Ulitaka nifanyeje, nikamwambie daktari asubiri shamba lipande bei? Upasuaji wa mama si majaribio ya wiki mbili. Na kilichobaki nikaongezea mtaji wa duka, hilo nalo sijalificha, kwa sababu duka ndilo linalonunua dawa kila mwezi na ndilo linalolipa umeme wa nyumba ambayo wewe ukija utalala. Mwenye kubaki ndiye anayeitwa usiku. Fungu lako nimeliandika kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, na shangazi amesaini. Mtu anayedhulumu haandiki.

Haya, yametoka. Ninyi wengine mnaosoma mnisamehe, nilisahau mpo.

Nikwambie kingine ambacho hakuna mtu nimemwambia. Huo mguu wako wa kushoto sijauona tena mtaani. Ile krosi ya fainali ya ndondo, umekaribia kibendera cha kona, beki amekubana, ukaipinda bila kuinua kichwa, naisimulia dukani mpaka leo na wateja hudhani naongeza chumvi. Kwa hiyo usidhani nilikataa kwa sababu sikukuamini. Ningekuwa sikuamini ningekupa hizo milioni nane ukapotee, niondokane na kelele.

Siku hizi naifuatilia Le Havre. Vibanda umiza vyetu haviweki Ufaransa, wanaweka Uingereza tu, hivyo nasoma matokeo kwenye simu usiku. Timu ya mji wa bandari, wanasema ilianzishwa 1872, kongwe kuliko zote Ufaransa. Mahrez, Pogba na Payet wamepitia mikononi mwao. Msimu uliopita walinusurika siku ya mwisho kabisa, kule Strasbourg, penalti ya dakika za nyongeza, na mpigaji Abdoulaye Touré akaichop, yaani akaudokoa mpira taratibu, katikati ya goli huku msimu mzima wa timu uko kwenye mguu wake. Nilipoitazama ile nilikufikiria wewe. Upuuzi wa namna hiyo ungeufanya wewe tu.

Nasikia Ijumaa mnacheza huko. Kama bado unacheza kwa dhati, jisajili kwenye timu yenye karatasi, hata ya daraja la chini, maana asiyesajiliwa hakuna anayeweza kumnunua. Una miaka 23. Usinijibu kwamba nimechelewa kukushauri. Ushauri huuhuu nilikupa 2019 nikakwambia nenda timu ya vijana pale jirani, ukasema pale hakuna wazungu wa kutazama. Mazembe walikuwa wazungu?

Basi. Harusi ya mdogo wetu ni Desemba, hilo unalijua, mahari imeshapokelewa. Baba hayupo, walii ni mimi, lakini bibi harusi amesema hatoki chumbani mpaka wewe uwe umesimama mlangoni, na unamjua, hatatoka kweli. Tiketi tutagawana. Usimwambie mama mpaka uwe umeshakata, asije akaanza kuhesabu siku. Fundi anataka urefu wa kanzu yako na upana wa mabega kabla ya Ijumaa, na usikadirie, chukua utepe upime. Nifungulie namba unitumie. Kama huwezi, mtumie baba mdogo, lakini yeye hukosea tarakimu.

Kaka yako